Sherlock Holmes ana nyuso nyingi, Bwana Msa hana hata mmoja

MUHULA uliopita, nusura wanafunzi wangu wa fasihi washikane mashati darasani. Hawakuwa wakibishania siasa wala kandanda. Walikuwa wakibishana ni mwigizaji gani aliyemwigiza Sherlock Holmes vizuri kuliko wenzake. Mmoja alishikilia kwamba hakuna kama Benedict Cumberbatch. Mwenzake akamjibu kwamba Robert Downey Jr. ndiye steringi wa kweli kwa kuwa "anajua kupigana". Binti mmoja anayetoka Mogogosiek, kule Bomet, akawatazama wote wawili kwa huruma, akasema: "Nyinyi hamjamwona Jeremy Brett."

Nilifurahi. Mwalimu wa fasihi hapati kila siku darasa linalogombania mhusika. Nikawaacha waendelee huku nikitazama mashamba ya chai nje ya dirisha, maana hapa Kericho ukichungulia nje huoni kingine. Kisha nikawatupia swali nililodhani ni jepesi: "Haya, na Bwana Msa mngempa mwigizaji gani?"

Kimya. Hatimaye sauti ya upole ikatoka kiti cha nyuma: "Prof, kwani Bwana Msa ndiye nani?"

Swali hilo limenikosesha usingizi. Makala haya ni jaribio langu la kulijibu. Pia ni njia ya kukiri kosa langu mwenyewe, kama utakavyoona, msomaji wangu.

Tuanze na huyo Holmes waliyemgombania. Arthur Conan Doyle, daktari mzaliwa wa Edinburgh, alimtoa kwa mara ya kwanza mwaka 1887 katika riwaya ya A Study in Scarlet. Kwa jumla alimwandikia riwaya 4 na hadithi fupi 56. Hayo ndiyo maandishi. Skrini nayo imekuwa na historia yake. Mwaka 2012, Guinness World Records ilimtaja Holmes kuwa mhusika wa fasihi, katika kundi la wahusika binadamu, aliyeigizwa mara nyingi zaidi katika filamu na runinga: mara 254, na waigizaji zaidi ya 75.

Mambo mengi tunayodhani ni ya Doyle yaliletwa na watu wengine. Ile kofia yenye masikio ilichorwa na Sidney Paget, aliyepamba hadithi hizo katika jarida la The Strand. Kiko kilichopinda kinahusishwa na Mmarekani William Gillette, aliyemwigiza Holmes jukwaani kuanzia 1899. Gillette aliigiza pia filamu mwaka 1916, nayo ikapotea kwa miongo mingi hadi ilipopatikana mwaka 2014 katika hifadhi ya filamu mjini Paris. Hata ule usemi maarufu wa kumwambia Watson kwamba jambo lenyewe ni jepesi mno, kwa namna watu wanavyoutaja, haumo katika hadithi yoyote ya Doyle. Waigizaji wameuongezea ulimwengu Holmes ambaye mwandishi hakumwandika, na leo tunawahukumu kwa kuwalinganisha na Holmes huyo huyo.

Kufikiri kunafananaje?

Kazi ya mwigizaji wa Holmes ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Askari wa filamu hukimbia, hufyatua risasi, huruka ukuta. Holmes hufikiri, na kufikiri hakuonekani kwa macho. Kwa hiyo kila mwigizaji amelazimika kuamua kufikiri kunafananaje, na kila mmoja amejibu kulingana na zama zake. Kwangu mimi, huo ndio mzani wa kuwalinganishia.

Basil Rathbone aliigiza filamu 14 kati ya 1939 na 1946. Mbili za kwanza ziliwekwa katika zama za Doyle. Baadaye Holmes akahamishiwa katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, akawa anapambana na majasusi wa Hitler. Kwa Rathbone, kufikiri ni mamlaka: sauti kali, pua kama ya mwewe, amri zinazotoka bila kusita. Uingereza ilikuwa vitani, na watazamaji walitaka kuhakikishiwa kwamba kuna mtu anayejua la kufanya. Lakini filamu hizo zilikuwa na dosari moja kubwa. Watson wa Nigel Bruce aligeuzwa mzee wa kuchekesha asiyeelewa kitu, ilhali Watson wa Doyle ni daktari na mwanajeshi aliyejeruhiwa vitani. Ukitaka shujaa wako aonekane mwerevu kwa kumfanya rafiki yake kuwa mjinga, umechukua njia ya mkato.

Sasa twende Muungano wa Kisovieti. Kuanzia 1979 hadi 1986, mwelekezi Igor Maslennikov alitoa mfululizo wa filamu za Holmes kwa Kirusi. Mtaa wa Baker wa London uliigizwa mjini Riga, katika Latvia ya leo. Vasily Livanov, mwenye sauti nzito ya kukwaruza, alimfanya Holmes mtu mstaarabu anayemsikiliza mgeni wake mpaka mwisho. Watson wake, Vitaly Solomin, ana akili zake timamu, na wawili hao hufikiri pamoja. Mwaka 2006 Uingereza ilimtunuku Livanov nishani ya MBE. Hebu litafakari jambo hilo: Mrusi anamwigiza Mwingereza kwa Kirusi, katika mtaa wa Riga, na Waingereza wenyewe wanampa nishani. Nitalirudia hili baadaye.

Jeremy Brett, yule wa binti wa Mogogosiek, aliigiza katika mfululizo wa kampuni ya Granada kuanzia 1984 hadi 1994. Yeye aliyarudia maandishi ya Doyle kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Kwake kufikiri ni mzigo unaobebwa na mwili. Mikono yake inarukaruka, kicheko kinakuja ghafla na kukatika ghafla, kisha anajitupa kitini akiwa hoi. Brett mwenyewe alikuwa akiugua, na katika vipindi vya mwisho ugonjwa unaonekana usoni pake. Alifariki mwaka 1995. Ukimtazama Brett unaelewa kwamba akili nyingi zina gharama yake, na mwenye akili ndiye anayelipa.

Wa karne hii nitawapitia kwa kasi. Robert Downey Jr., katika filamu za 2009 na 2011, amehamishia fikra kwenye ngumi: anapanga kichwani kila pigo kabla ya kulirusha, nasi tunaonyeshwa mpango huo polepole. Cumberbatch, katika vipindi 13 vya BBC vya kuanzia 2010 hadi 2017, anafanya kufikiri kuwe kasi. Maneno yanaelea hewani kwenye skrini, hoja zinamtoka kama risasi, na ole wako ukichelewa kuelewa. Watson wake, Martin Freeman, amerejea kutoka vita vya Afghanistan, kama alivyorejea Watson wa 1887. Naye Jonny Lee Miller, katika mfululizo wa Elementary wa 2012 hadi 2019, ni mraibu wa dawa za kulevya anayejaribu kupona jijini New York. Watson wake ni mwanamke, Joan, aliyeigizwa na Lucy Liu. Hapo kufikiri peke yako ni hatari, lazima uwe na mwenzako wa kukushika mkono.

Nikiulizwa nani bora, nitasimama na yule binti: Brett ndiye aliyeyasoma maandishi kwa makini kuliko wote. Ila nikiulizwa ni nani Waswahili wanapaswa kumsoma kwa makini, nitasema ni Livanov. Sababu yangu inaanzia katika kambi moja ya chai.

Bwana Msa kambini

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya 1957/58 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Zikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na nyinginezo, hadi Kosa la Bwana Msa (1984).

Bwana Msa si polisi. Polisi ni Inspekta Seif. Msa ni raia mwenye kiko, mwenye subira, mwenye rafiki aitwaye Najum. Wahakiki waliona tangu zamani kwamba Holmes na Watson wamevuka bahari wakashukia Unguja, na hilo si siri. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti ya Bwana Ali inapatikana mzimuni ikiwa haina kichwa. Watu wanaogopa mizimu, naye Msa anatafuta binadamu aliyeshika silaha. Aliyesoma au kutazama ile hadithi ya Holmes ya mbwa wa kutisha wa Baskerville ataona undugu: hofu ya mambo ya ghaibu upande mmoja, akili upande mwingine.

Kiko kimetoka London, lakini njia ya kutumia akili ni ya Unguja. Bwana Msa hufikiri kwa mazungumzo. Anatania, anauliza, ananyamaza, anarudia swali kwa njia nyingine. Heshima na salamu ni sehemu ya upelelezi wake, kwa kuwa mtu aliyesalimiwa vizuri husema mengi.

Nilimjua kabla sijajua kusoma vyema. Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika shamba moja la chai upande huu wa Kericho. Kazi yake ilikuwa kupima majani ya wachumaji na kuandika kilo. Jioni, nakala yake ya Mzimu iliyokwisha kuchanika jalada ilitoka sandukuni, na majirani wakaja kusikiliza. Kambi ilikuwa na Wakipsigis, Wagusii, Waluo na Waluhya, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Neno la Kiunguja likiwashinda, baba alisimama, likajadiliwa mpaka likaeleweka au likasamehewa. Na kila mmoja alimwona Bwana Msa kwa macho yake. Mzee mmoja wa Kisii aliapa kwamba anafanana na shemeji yake. Jirani yetu Mluo alishikilia kwamba mtu mwenye akili kiasi hicho lazima ana mizizi Kisumu. Mama yangu, ambaye lafudhi yetu ya Kikipsigis ilimfanya amwite "Pwana Msa", alisema anamwona kama baba, tofauti tu ni kiko.

Usiku ule watu wazima walibishana: nani alikuwa wapi, saa ngapi, aliyajuaje yale aliyoyasema? Ilikuwa mantiki tupu, tena kwa Kiswahili, kati ya watu waliotoka kuchuma chai tangu alfajiri. Nilipofika chuo kikuu na kufundishwa hoja na ithibati, niliona kama nimerudi kambini.

Kiswahili cha kuchekesha?

Nilipowaeleza wanafunzi haya, mmoja alinijibu bila kuficha: "Lakini Prof, polisi wa Kiswahili kwenye TV si ni Inspekta Mwala?" Darasa likacheka. Mimi nikacheka pia, kisha nikaacha.

Sina ugomvi na Davis Mwabili. Inspekta Mwala wake ni kazi ya msanii hodari, na kuchekesha watu si kazi ndogo. Tatizo ni kwamba mwanafunzi yule, bila kukusudia, alikuwa amegawa kazi za lugha. Kwa macho yake mpelelezi wa Kiingereza anafikiri, na wa Kiswahili anachekesha. Kijana akikulia katika mgawanyo huo ataamini kwamba akili kali huongea Kiingereza, na kwamba Kiswahili ni cha mizaha na matangazo ya mazishi. Ndiyo sababu nasema suala hili si la burudani peke yake.

Msamiati wenyewe hautupi kisingizio. Tuna mpelelezi, kutokana na kitenzi kupeleleza. Tuna kachero, neno ambalo magazeti yetu yanalipenda kila idara ya DCI inapotajwa. Tuna jasusi, tuliyempata kutoka Kiarabu, ambaye kazi yake ni siri za adui zaidi ya wizi wa ng'ombe. Na tuna askari kanzu, polisi aliyevua sare ili afanane na raia. Lugha yenye maneno yote hayo imeshawahi kupeleleza.

Waandishi nao hawakulala. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akatupa Willy Gamba, na Ben Mtobwa akatupa Joram Kiango. Upande wa skrini, kuna wasanii waliothibitisha kwamba sauti ya Kiswahili inaweza kuiteka filamu ya kigeni. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu. Kenya tuna DJ Afro, ambaye sauti yake imejaza vibanda vya video kutoka Gikomba hadi Litein. Wanaomdharau hawajawahi kukaa kibandani. Mtu akisimulia filamu namna ile, mwigizaji wa Hollywood anabaki na uso tu, maana sauti na maana vyote vimehamia kwetu. Ila uso bado ni wa kuazima.

Kosa langu

Miaka kama ishirini iliyopita, kijana mmoja niliyemfundisha alinijia ofisini. Alikuwa na kamera, akirekodi arusi Litein na Kapkatet. Alitaka kuigiza hadithi ya Bwana Msa, na akaniomba nimsaidie kuandika mazungumzo. Nilimkatalia. Nilimwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma sana, kwamba Bwana Msa ni wa msomaji, kwamba kila mmoja ana Msa wake, na kwamba akimpa uso mmoja atawanyang'anya watu nyuso zao zote. Nilikuwa nikiwaza kambi, shemeji wa yule mzee wa Kisii, baba na kiko asichowahi kuvuta. Kijana aliinamisha kichwa. "Sawa, mwalimu," akasema.

Leo anauza simu mjini Bomet. Kamera aliiuza. Tulipokutana mwaka jana alinisalimia vizuri, akaninunulia chai, kisha akaniuliza: "Mwalimu, bado unamlinda Bwana Msa?"

Nilimlinda mpaka darasa zima la fasihi halimjui. Historia ya Holmes ingenionya kama ningetaka kuisikiliza. Waigizaji zaidi ya 75 hawajammaliza. Rathbone hakumzuia Brett, wala Brett hakumzuia Cumberbatch. Binti wa Mogogosiek aliniambia kwamba alianza kusoma Doyle baada ya kumtazama Brett, sio kabla. Mwigizaji mbaya husahaulika, na mhusika akabaki akimsubiri mwingine. Mhusika asiyeigizwa wala kusomwa hana wa kumsubiri.

Basi atakayemwigiza Bwana Msa, na naomba awepo, azingatie mambo matatu. Kwanza, Najum asifanywe kikaragosi kama Watson wa Nigel Bruce, kwa kuwa Msa anahitaji mtu wa kufikiri naye. Pili, asikimbizane na kasi ya Cumberbatch. Upelelezi wa Msa uko katika mazungumzo, na mazungumzo ya Kiswahili yana salamu, mafumbo na kimya. Mwigizaji anayejua kusikiliza mbele ya kamera atatuonyesha fikra kuliko maneno yanayoelea hewani. Tatu, asivae koti la London. Kiko abaki nacho, maana Abdulla mwenyewe ndiye aliyempa.

Wapo watakaouliza kama ni lazima awe Mzanzibari. Mwenye lahaja ya Kiunguja ana faida kubwa, na ningefurahi akitangulia. Lakini hapo ndipo ninapomrudia Livanov. Hakujifanya Mwingereza. Alimleta Holmes katika Kirusi chake, akamheshimu, na wenyewe wakampokea. Wa kwanza na atoke Makunduchi, wa pili atoke Mombasa, na wa tatu atoke Bomet akimwita Pwana Msa. Kambi ile ilinifundisha kwamba ana nafasi ya kuwatosha wote.

Muhula huu nimewapa wanafunzi kazi. Kila kundi lisome Kisima cha Giningi, lichague tukio moja, liliigize kwa dakika tano na kulirekodi kwa simu, kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Binti wa Mogogosiek ameomba kumwigiza Bwana Msa mwenyewe. Wenzake walipopinga, aliwauliza mbona Lucy Liu alikuwa Watson. Nimemkubalia.

Juzi nilimpigia yule muuza simu wa Bomet, nikamwomba aje awafundishe vijana hawa kushika kamera. Amekubali. Ila kwanza aliniuliza kama safari hii nina uhakika.